GTA, FIFA au Mario: ipi inaongoza, na inaongoza kwa kipimo gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Tanga. Nataka kufungua kibanda cha gemu na binamu yangu, lakini tumekwama kwenye mabishano. Yeye anasema GTA ndiyo inayopendwa kuliko zote duniani, maana GTA V peke yake imeuza nakala zaidi ya milioni 200. Mimi nasema mpira, yaani FIFA. Tulipotafuta mtandaoni tukakuta orodha inayomweka Mario juu ya wote, wakati mtaani kwetu hatujawahi kumwona mtu akicheza Mario. Ipi ni kubwa kweli? Na sisi tuanze na ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Binamu yako hajakosea, orodha haijakosea, na wewe pia una hoja. Mnabishana juu ya mambo matatu mkidhani ni moja. Binamu anahesabu gemu moja. Orodha inahesabu mfululizo mzima wa gemu zenye jina moja kwa miaka arobaini. Wewe unahesabu watu unaowaona wameshika pedi. Hesabu hizo haziwezi kutoa mshindi mmoja, na kwa mtu anayetaka kufungua kibanda, hiyo ya mwisho ndiyo yenye pesa. Lakini kwanza nikufafanulie hizo mbili nyingine, ili binamu asije akakushinda kwa tarakimu.

Nianze na Mario, mhusika wa gemu za Nintendo, kampuni ya Japani. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1981 ndani ya gemu ya Donkey Kong, na mwaka 1985 akapata gemu yake kubwa, Super Mario Bros. Ukijumlisha kila kitu chenye jina lake, yaani kuruka na kukimbia, mbio za magari, tenisi, gofu na michezo ya karamu, unavuka nakala milioni 800. Hakuna mfululizo wa GTA wala wa FIFA unaofika hapo. Ila tazama kilichomo ndani ya jumla hiyo: zaidi ya gemu 200. Wenye gemu 200 kuwashinda wenye gemu kumi na mbili si ajabu. Jumla ya mfululizo hupima urefu wa orodha kabla haijapima mapenzi.

Kuna na jambo la pili ambalo orodha nyingi hulipita kimya. Super Mario Bros. ilivuka nakala milioni 40, lakini Marekani nyingi kati ya hizo zilikuja ndani ya boksi la mashine yenyewe. Mzazi alinunua mashine, Mario akaja naye. Nintendo walifanya hivyo tena na Tetris kwenye Game Boy mwaka 1989, kisha na Wii Sports mwaka 2006, ambayo imehesabiwa kuwa na nakala zaidi ya milioni 82 ilhali nje ya Japani wengi hawakuichagua, waliikuta. Sisemi hawakuipenda, la hasha. Bibi na babu wa Ulaya walirusha mikono sebuleni kwa sababu ya gemu hiyo. Nasema tu kwamba kukuta na kununua ni vitendo viwili.

Ukitaka kumwona Mario akipendwa kwa pesa za mtu mwenyewe, tazama Mario Kart 8 Deluxe. Ilitoka mwaka 2017 kwenye Switch, ikiwa ni marudio ya gemu ya mwaka 2014 iliyokuwa kwenye Wii U, mashine iliyododa. Ni gemu ileile, ikaongezewa vitu vichache tu, na imevuka nakala milioni 60. Ni kweli kwa miaka kadhaa msimu wa sikukuu iliuzwa pamoja na mashine, lakini nyakati nyingine zote watu wameendelea kuinunua kwa bei karibu ileile ya siku ya kwanza, maana Nintendo si watu wa kushusha bei. Kwangu hiyo ni dalili nzito kuliko zile milioni 800.

Sasa GTA. Mfululizo ulianza mwaka 1997 huko Dundee, Scotland, na jumla yake imevuka milioni 400. Karibu nusu ya hizo ni GTA V peke yake. Ilitoka tarehe 17 Septemba 2013 na ndani ya siku tatu ilikuwa imeingiza dola bilioni moja. Hapo binamu yako ana haki ya kutamba. Lakini mwulize swali hili: nakala milioni 200 ni watu wangapi? Gemu hiyo iliuzwa kwanza kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, mwaka 2014 ikahamia PlayStation 4 na Xbox One, mwaka 2015 ikaingia kwenye kompyuta, mwaka 2022 ikafika PlayStation 5. Kuna mtu mmoja aliyeilipia mara tatu, na kwenye hesabu yeye ni nakala tatu. Tena bei yake hushushwa mara kwa mara hadi ikawa kama ya soda na chipsi kwa Mzungu, na Mei 2020 duka la mtandaoni la Epic liliigawa bure kwa wiki moja, hadi tovuti yao ikalemewa. Nakala ya dola 60 na nakala ya dola 15 huhesabiwa sawa.

Na hapa kuna jambo litakalokushangaza. San Andreas ya mwaka 2004, ile ya CJ ambayo kila kijana aliyewahi kushika pedi ya PS2 hapa kwetu anaijua mitaa yake kuliko mitaa ya wilaya ya jirani, iliuza takriban nakala milioni 27 dunia nzima. Ni nyingi, lakini ni kama sehemu moja ya nane ya GTA V. Ukienda kwa ulichokiona mtaani, ungeapa ni kinyume chake. Nitarudi kwenye hilo, maana ndipo siri ya swali lako ilipo.

Mpira wako. FIFA ya kwanza ilitoka mwishoni mwa mwaka 1993, na hadi 2021 EA, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza, walikuwa wamehesabu nakala zaidi ya milioni 325. Inatisha, mpaka ugawanye. Matoleo yalikuwa karibu thelathini, moja kila mwaka, kwa hiyo wastani ni kama milioni 11 kwa toleo. Hakuna FIFA hata moja inayoisogelea GTA V. Call of Duty, gemu ya vita iliyoanza mwaka 2003 na kuvuka milioni 400, nayo ni ya namna hiyo, ingawa wastani wake unakaribia milioni 20. Hizi ni gemu za desturi: mtu yuleyule ananunua kila Septemba au kila Novemba kwa sababu rafiki zake wote wamehamia toleo jipya na wachezaji wamebadilisha timu. GTA ni subira ya miaka kumi kwa gemu moja, mpira ni mchango wa kila mwaka. Ukizipanga kwenye orodha moja unalinganisha mahari na kodi ya nyumba.

Tena kwenye mpira idadi ya nakala imepitwa na wakati. Mwaka 2009 EA walileta Ultimate Team, ambapo mchezaji hununua pakiti za wanasoka wa kikosi chake bila kujua ataokota nani. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, mtindo huo kwenye gemu zao za michezo uliwaingizia dola bilioni 1.62. Nakala ya gemu imekuwa kiingilio tu. Biashara iko ndani ya uwanja. Ndiyo maana mwaka 2022 EA walithubutu kuachana na jina la FIFA lenyewe. FIFA 23 ikawa ya mwisho, na Septemba 2023 ikaja EA Sports FC 24. Wengi walidhani bila jina watayumba. Watu waliendelea kununua, maana walichokuwa wakikipenda ni timu zao, wachezaji wao na pakiti zao.

Konami, kampuni ya Japani yenye gemu nyingine ya mpira, nao wakaenda njia nyingine kabisa. PES, ambayo sisi tuliijua kama Winning Eleven, Septemba 2021 iligeuzwa kuwa eFootball na ikatolewa bure. Ilizinduliwa ikiwa na nyuso za wachezaji zilizopinda hadi dunia nzima ikacheka. Leo wanatangaza mamia ya mamilioni ya upakuaji, wengi kwenye simu. Ukiona neno "upakuaji", punguza mwendo. Mtu aliyebadilisha simu mara tatu ni pakuo tatu. Kampuni ya Sega wanamhesabu Sonic, mhusika wa gemu zao, kwa namna hiyo, wakichanganya nakala zilizouzwa na gemu za bure zilizopakuliwa, na kwa hesabu hiyo Sonic anavuka bilioni moja. Usimweke Sonic huyo kando ya Mario ukasema amemshinda.

Hata neno "kuuza" lenyewe, kampuni nyingi hulitumia zikimaanisha nakala zilizotoka ghalani kwenda madukani. Kwa kawaida tofauti ni ndogo, lakini mwaka 1982 Atari, kampuni ya gemu ya Marekani, walionyesha inavyoweza kuwa. Walitengeneza Pac-Man nakala milioni 12 wakati mashine zenyewe majumbani zilikadiriwa kuwa milioni 10. Mwaka uleule wakatengeneza gemu ya filamu ya E.T. kwa haraka, zikarudi kwa wingi hivi kwamba mwaka 1983 wakazifukia jangwani Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 zikafukuliwa. Kwenye vitabu vya hesabu zile zilikuwa zimeshatoka ghalani.

Basi upande wa mauzo umeshauona. Suala la kupendwa na nani ni jingine, na mfano mzuri kuliko yote unatoka Japani: Dragon Quest na Final Fantasy. Najua wewe si mpenzi wa hizi, lakini nivumilie, kwa sababu zinajibu swali lako la kibanda kuliko GTA inavyoweza.

Dragon Quest ilitoka Mei 1986, Final Fantasy Desemba 1987, zote kwenye Famicom, mashine ya Nintendo, zote ni za safari ndefu, panga, uchawi na mapambano ya zamu kwa zamu. Leo Final Fantasy ina takriban nakala milioni 200 na Dragon Quest karibu milioni 90. Mtu akitazama tarakimu tu atasema moja ni kubwa mara mbili ya nyingine, mjadala umekwisha. Mwulize Mjapani wa miaka hamsini, atakutazama kwa huruma.

Dragon Quest III ilitoka Jumatano, tarehe 10 Februari 1988. Ilizidi nakala milioni moja siku hiyohiyo, foleni zikazunguka mitaa ya Tokyo, na polisi wakawakamata karibu wanafunzi 300 waliotoroka shule. Baada ya hapo Enix, kampuni iliyokuwa ikiitoa, wakazoea kuitoa siku za mapumziko. (Utasikia kwamba Japani kuna sheria inayokataza Dragon Quest kuuzwa siku ya kazi. Hakuna. Marudio ya hiyohiyo Dragon Quest III yalitoka Alhamisi ya tarehe 14 Novemba 2024, na hakuna aliyekwenda jela.) Mwaka 2021, wanamichezo wa dunia walipoingia uwanjani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, muziki uliowafungulia maandamano ulikuwa wa Dragon Quest. Katika muziki wote wa gemu za Japani, huo ndio uliochaguliwa kutangulia.

Kwa nini basi inashindwa kwa mauzo? Kwa sababu nje ya Japani ilichelewa, na ilipofika ilikosa mtu wa kuisemea. Marekani iliingia mwaka 1989 kwa jina jingine, Dragon Warrior, na jarida la Nintendo likaishia kuwagawia bure wasomaji waliolipia usajili. Jina lake halisi lilifika huko mwaka 2005 na toleo la nane, na ndani ya boksi wakaweka diski ya majaribio ya Final Fantasy XII ili watu washawishike kununua. Tafakari hilo: mkubwa wa nyumbani ananadiwa ugenini kwa mgongo wa mdogo wake.

Final Fantasy walicheza karata tofauti. Kila namba ina dunia mpya na watu wapya, kwa hiyo mgeni anaweza kuingia popote. Mwaka 1997 wakaiacha Nintendo, iliyong'ang'ania katriji zenye nafasi ndogo, wakahamia PlayStation na diski zake. Final Fantasy VII ikaja na diski tatu, video za kuvutia, na Sony wakaitangaza Marekani kama filamu. Kizazi kizima cha huko kilianza hapo. Gharama yake ni kwamba leo wapenzi wa Final Fantasy hawakubaliani Final Fantasy ni nini. Anayetaka zamu kwa zamu na anayetaka mapigano ya moja kwa moja wanavutana kila toleo. Dragon Quest haina ugomvi huo. Muziki uleule, vijini vilevile vya rangi ya buluu alivyovichora Akira Toriyama, mfumo uleule. Mpenzi wake ananunua akijua anachokwenda kukikuta.

Mimi nikiulizwa ipi inapendwa zaidi nasema Dragon Quest inapendwa kwa kina na Final Fantasy inapendwa kwa mapana, na ndiyo maana nikitaka kujua gemu ina watu gani huwa naangalia mauzo kwa nchi kabla ya jumla. Madden, ile ya mpira wa Kimarekani, imeuza zaidi ya milioni 130, nayo ukiivusha nje ya Marekani na Canada ni kama haipo. The Sims imekaribia milioni 200 na kwa miaka mingi wachezaji wake wengi wamekuwa wanawake, wateja ambao maduka ya gemu yalikuwa hayawajui kabisa.

Sasa turudi Tanga. Hamjamwona Mario kwa sababu Mario wa kisasa anaishi zaidi ndani ya mashine ya Nintendo, na mashine hiyo ni nadra kuiona kwenye maduka yetu. Lakini waulize kaka zako na shangazi zako waliokuwa watoto miaka ya tisini. Zile mashine bandia za kichina za katriji, zilizoandikwa zina mamia ya gemu, zilimleta Mario mpaka kwenye televisheni ya kichogo ya jirani mwenye umeme. Alichezwa sana, na hakuna hata nakala moja kati ya hizo iliyoandikwa kwenye vitabu vya Nintendo.

Kwa PS2 ikawa vilevile. Sony waliuza mashine hizo zaidi ya milioni 160, na kwetu nyingi zilifika zikiwa zimetumika, zikawekwa chipu, na diski zikachomwa kwa bei ya andazi. Diski moja ya Winning Eleven kwenye kibanda ilichezwa na mtaa mzima kwa miaka. Huko Japani ilihesabiwa sifuri. Ndiyo sababu macho yako na orodha ya mtandaoni haviwezi kukubaliana: orodha inahesabu risiti, na wachezaji wetu wengi hawakuwahi kupewa risiti.

Kibanda chenu kina sheria zake tena. Mteja hanunui gemu, ananunua zamu. Kwa hiyo msijiulize ni gemu gani iliyouza zaidi. Jiulizeni ni ipi inayoweka watu wawili kwenye mashine moja, inayoisha kwa dakika chache, na inayomfanya aliyefungwa aseme "tena". Mpira unatimiza yote matatu. GTA V haitimizi hata moja: kwenye mashine moja anacheza mtu mmoja, misheni haina mwisho wa haraka, na wanaosubiri wanageuka watazamaji wasiolipa. Tekken na Mortal Kombat, ambazo kwa mauzo ya dunia ziko mbali sana chini ya GTA, zitawaletea pesa nyingi kuliko yenyewe, maana pambano linaisha kabla chai haijapoa na mshindwa hataki kuondoka.

Kwa hiyo kama mnaanza na mashine tatu, mbili ziwe za mpira na moja ya mapigano. Kama binamu atang'ang'ania GTA, iwekeni kwenye ya tatu saa za asubuhi wakati hakuna foleni, na mtoze kwa muda, si kwa mchezo. Nunueni mashine zenye sehemu ya diski. EA walipoleta FC 24 waliziondoa FIFA za nyuma kwenye maduka ya mtandaoni, mwenye diski ndiye aliyebaki na uhakika wa kuipata, na mechi ya watu wawili bado inachezeka bila intaneti. Msinunue toleo jipya mwezi Septemba likitoka. Bei yake huanguka vibaya miezi michache baadaye, na mteja wa kibanda anachodai ni kwamba kikosi cha timu yake kisiwe cha zamani mno. eFootball kwenye PlayStation ni ya bure na inafaa kuwa akiba, ila kwa sehemu kubwa inategemea mtandao, na wateja wenu wengi tayari wanayo mfukoni kwenye simu, hawatalipa kuicheza tena kwenu.

Pedi za ziada nunueni kabla ya gemu ya nne.